Miguu Elfu Nane

Asubuhi ya siku ya tatu, mbao zilikuwa zimeng'olewa tena.

Msimamizi wa tamasha alisimama ukingoni mwa shamba, mvua ikimtiririka mgongoni. Jana alizitandaza kwa mikono yake, toka langoni hadi jukwaani, ili watu wapite bila kuzama. Sasa zilikuwa zimepangwa kando ya zizi, tena zimeoshwa. Hakuuliza nani kafanya hivyo. Alikuwa amechoka hata kuuliza.

Mvua ilianza Ijumaa mchana, mwimbaji wa kwanza hajamaliza kujaribu kipaza sauti, na tangu hapo haikupumua. Watu elfu nne walikuwa wamekata tiketi, na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani. Walicheza wamejifunika mifuko ya plastiki, wakianguka, wakiinuana, wakicheka kama watu wasio na nguo za kufua. Ardhi iliyokuwa ngumu ikawa uji. Kila wimbo wa kasi ulipopigwa, msimamizi alifumba macho.

Ahadi ni deni, na yeye aliitoa mwenyewe. Miezi mitatu nyuma aliketi kibarazani kwa mama mwenye shamba, mjane mkavu wa maneno, akamwapia: "Mama, tutakurudishia ardhi yako kama tulivyoikuta." Mama akamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Alikuwa na masharti mawili tu. Tamasha lifanyike wiki aliyoitaja yeye na si nyingine, na gari lisikanyage shamba.

"Miguu tu," alisema. "Magari hapana."

Msimamizi alikuwa mtu wa lami tangu kuzaliwa. Akaona ni hofu za wazee, akatia saini. Ndiyo maana spika zote zilibebwa mabegani, na ndiyo maana goti lake la kushoto lilikuwa limevimba.

Vyombo walivihifadhi zizini, maana zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe wawili wa mama wa kulimia walikufa kwa ugonjwa mwaka uliopita. Nira yao bado ilining'inia ukutani, na mafundi wakaigeuza kitundikio cha nyaya. Mama hakuwa na kingine zaidi ya shamba lile. Lilimlisha yeye, binti yake na wajukuu wanne mwaka mzima, na sasa lilikuwa limekanyagwa na halaiki ya watu kwa siku tatu. Wazo hilo lilimnyima msimamizi usingizi kuliko baridi.

Mama mwenyewe alikuja kila asubuhi, gauni kalikunja hadi magotini, mkononi mwavuli uliovunjika mbavu. Hakuufungua. Aliuchomeka topeni, akauchomoa, akatazama tope lilipofika, kisha akasogea mbele na kuuchomeka tena. Njiani aliokota vipande vya chupa na kuvitia ndooni. Msimamizi alishindwa kumtazama. Aliona kama anamwona mfiwa akikunja nguo za marehemu.

Fundi wa jukwaa aliposhauri wachimbe mfereji maji yatoke, mama alikataa katakata. Alisema maji yatakwenda kwa jirani, naye hataki ugomvi.

Asubuhi hiyo ya tatu msimamizi alijikaza, akamfuata.

"Mama, nisamehe."

"Umefanya nini, mwanangu?"

Alionyesha shamba kwa kidevu.

Mama akatazama alikoonyesha, kisha akauliza wapiga ngoma wa kufunga tamasha wangepanda jukwaani saa ngapi. Alipoambiwa saa tisa, akanyoosha mwavuli upande wa mbali. "Wapeleke kona ile ya juu. Na uwaambie watu wavue viatu."

Ombi hilo lilimchoma msimamizi. Maskini, anataka angalau pale katikati papumzike. Kuhusu viatu hakuwa na la kubisha, kwani tope lilikuwa limeshameza jozi nyingi. Akatangaza, watu wakashangilia, na alasiri yote wakaruka pekupeku kwenye kona ya juu, hadi umeme ulipokatika na tamasha likaisha kabla ya wakati.

Jumatatu msimamizi hakupumzika. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tope linaweza kufukiwa. Akatafuta malori matatu ya mchanga mkavu, akapanda la mbele, na njia nzima akawa anajifunza namna ya kuomba radhi. Nyuma ya nyumba ya mama, pale palipokuwa na tuta la majani mabichi lililozungushiwa kamba, palikuwa peupe. Akadhani hata pale wamepakanyaga. Moyo ukazidi kumwuma.

Langoni alimwambia dereva asimame.

Shamba lilikuwa limejaa watu. Kwanza alidhani ni wacheza muziki waliogoma kuondoka. Halafu akamtambua binti wa mama, na wajukuu, na majirani, wote wameinama safu moja, tope likiwafika nusu ya miguu, kila mmoja na kitita cha miche ya mpunga kwapani. Walichomeka mche, wakarudi nyuma hatua moja, wakachomeka mwingine. Mbele yao kijani kilikuwa kimenyooka hadi pale lilipokuwa jukwaa.

Mama alitoka topeni, akaja langoni akijifuta mikono. Aliyatazama malori.

"Hiyo nini?"

"Mchanga, mama. Wa kufukia tope."

Mama akamsogelea na kupunguza sauti, asimwaibishe mtoto wa watu mbele ya madereva.

"Urudishe," alisema. "Halafu wapigie simu wale wapiga ngoma. Umeme uliwakatisha, na kona ya juu bado ngumu, haiingii mche."