Ngamia Mlinzi wa Pipa

Kiangazi kilipokaza, wanyama wa boma walibakiwa na pipa moja tu la maji. Ngamia akawakusanya, akawafokea.

"Mnakunywa kama watoto wa matajiri! Jibaneni! Mimi wiki nzima sijalowesha ulimi, kwani nimekufa?"

Kondoo akaona haya, akasema huyu ndiye wa kulinda pipa. Punda, aliyeyabeba maji yale mpaka mgongo ukachubuka, alipinga, lakini nani amsikilize punda?

Kulipokucha, pipa lilikuwa kavu na Ngamia anajilamba midomo.

"Maji yetu yako wapi?" Punda akauliza.

"Nimekunywa mara moja tu. Nyinyi mngekunywa kila siku."

Punda akashuka kwenye mto mkavu, akauchimba mchanga kwa kwato hadi maji yakaanza kuchuruzika. Kila mnyama akapata funda lake, hata Kondoo.

Siku zikapita, Ngamia naye akaja, ulimi nje. "Ndugu yangu, nionjeshe."

Punda akasimama juu ya kishimo, masikio kayalaza nyuma.

"Wiki nzima hukufa, mzee. Hebu jaribu na ya pili."