Namusikia

"Niko namusikia," Drocella alisema. "Iko anagonga."

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya tope lililoimeza nyumba yake, viganja na kifua vimegandamana na bati lililochomoza. Mlima ulikuwa umeporomoka alfajiri, na mumewe Ladislas alikuwa ndani. Hapo juu ya Lushebere hakuna aliyewajua vizuri. Walikuwa wamehamia juzi tu, wakikimbia vita vya Kalembe.

Benoît, mkubwa wa vijana waliokuja kuchimba, aliamuru majembe yatulie. Wote wakasikiliza. Mto uliofurika ulinguruma bondeni. Zaidi ya hapo, hakuna kitu. Akachuchumaa mbele ya mwanamke huyo.

"Mama, siye wote tumesikiliza. Na hii kelele ya mto, wewe unamusikia namna gani?"

Drocella alimkodolea macho mdomoni mpaka akamaliza kusema. Kisha akajigusa kifua.

"Namusikia hapa."

Benoît akainamisha kichwa. Alishaona wafiwa wengi wakisema hivyo.

Mvua ikaanza tena. Juu yao ardhi ikapasuka, udongo ukawa unateremka kidogo kidogo. Benoît akapaza sauti watu wote watoke, na vijana wakakimbia. Drocella hakugeuza hata shingo. Alikuwa anafukua kwa mikono, kucha zinatoka damu.

"Huyu mama hasikie," kijana mmoja alisema kwa hasira. "Atatuua."

Benoît alirudi kumtoa. Alipomshika mkono, mama wa watu alishtuka mwili mzima, kisha akamwangukia miguuni, akimsihi wachimbe kidogo tu, hapo hapo kwenye bati. Wakikosa, wamwache afe naye. Benoît alitazama ule ufa, akamtazama yeye. Akachukua jembe. Vijana wawili wakarudi, macho chini.

Chini ya bati palikuwa na boriti, na chini ya boriti, mkono ulioshika jiwe. Wakamfikia Ladislas uso umejaa tope, anapumua kwa taabu, anaita jina la mkewe.

Drocella alikuwa karibu kabisa, amewapa mgongo, anasukuma udongo.

"Mama, iko anakuita," Benoît alimwambia. Akarudia kwa nguvu zaidi. Hakugeuka.

"Umuguse ku bega," Ladislas alinong'ona. "Tangu bombe ya Kalembe, masikio yake ilikufa."