Fahirisi za Redio

Mafuriko yaliingia redio ya mji yakaharibu mitambo yote. Nakala za vipindi zilikuwa salama kwenye seva za mbali, na Zawadia, fundi wa kompyuta wa redio hiyo, alilijua hilo. Alichohofia ni fahirisi za kutafutia, yaani orodha za kuonyesha kila sauti ilipo, kwani hakuwa na hakika kama nazo zilihifadhiwa huko. Bila hizo, sauti za miaka na miaka zingekuwa ghala lisilo na mlango.

Alifungua kompyuta barazani kwa shangazi yake, Bi Mwanakheri, aliyesoma habari redioni humo hadi alipostaafu.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naiuliza seva initajie fahirisi zote ilizo nazo, shangazi. Nimeziunda mwenyewe."

Akatuma ombi. Kioo kilikaa kitupu, kisha majina yakaanza kushuka: habari, mashairi, nyimbo za harusi, salamu za wagonjwa. Zote zilikuwamo. Zawadia akajikuta amesimama, kifua mbele.

"Haikupotea hata moja! Kazi ya mikono yangu hiyo!"

"Jisifu, mama. Leo ni haki yako." Bi Mwanakheri akavuta kiti. "Basi nitafutie siku yangu ya kwanza hewani."

Zawadia akaandika jina la shangazi yake. Punde sauti ya msichana, yenye kutetemeka kidogo, ikawasalimu wasikilizaji. Bi Mwanakheri akanyoosha mgongo, akaiweka sawa kanga yake, akaitikia salamu ile kwa heshima. Ng'ambo ya uchochoro, jirani aliyekuwa akitwanga aliacha mchi juu, akasikiliza.