Ziwa la Gordon

"Hiyo ni video ama ni kalenda ya ukutani?" Gordon akauliza, akacheka hadi soda ikamtoka puani. Kwenye laptop ya Wangechi, wimbi moja la ziwa lilikuwa linajikokota kama mgonjwa.

Wangechi akameza tusi hilo. "Gordon, nilitaka kukuomba msamaha kuhusu—"

"Msamaha wa nini? Kuwa slow si dhambi, yawa!"

Ofisi yao ya Milimani iliwapa wote wawili kazi moja: programu ya kuiwezesha kompyuta isiyo na kadi ya michoro, kile kifaa cha kuchora picha kwa kasi, kuendesha sheda, vile viprogramu vinavyoamua kila nukta ya picha iwe na rangi gani. Shule za kule Luanda Kotieno zilikuwa na kompyuta kuukuu, kadi hazina. Leo Madam Nabalayo, mkubwa wao, angechagua programu ya mmoja. Atakayeshindwa angepelekwa Ahero kutengeneza printa.

Gordon hakuwa na wasiwasi hata chembe. Picha ni ileile ya ziwa, lakini yake ilikimbia! Kompyuta ya majaribio ilikuwa na kadi ndani, ndiyo, ila programu yake ilitakiwa kuilaza kadi hiyo kabla ya kuanza kuchora, la sivyo kadi ndiyo ingechora. Aliandika hivyo mwenyewe, na kitu akishakiandika Gordon, nani wa kukikagua?

Madam Nabalayo akaingia, akavuta kiti.

"Gordon, kabla hujaanza," Wangechi akasema, "asubuhi nilikuwa natafuta nafasi ya kuweka faili zangu kwenye hiyo mashine ya majaribio—"

"Visingizio hivyo, vimeanza! Madam, hebu muulize kama anajua stage ya Ahero."

Gordon akaifungua picha kwenye kompyuta ya majaribio. Ziwa likajaa skrini, mawimbi yanang'aa, magugu yanayumba. Madam akashika shavu.

"Aii! Na yote haya bila kadi?"

"Bila kadi, Madam. Ni programu yangu tu, kila tone." Akamgeukia Wangechi, kidevu juu. "Haya, mama wa msamaha. Sema sasa, mkubwa akisikia."

Macho ya Wangechi yalikuwa yamejaa machozi.

"Niliifuta, Gordon. Programu yako yote, kwa bahati mbaya. Haimo humo ndani."

Wote watatu wakaligeukia ziwa. Lilikuwa bado linacheza mawimbi, halina habari.