Safu ya Wafiwa

"Bila foto, mama, hauwezi kupita mbele ya wakubwa," Jean-Claude wa protokoli alisema kwa mara ya tatu, macho yake yakiwa bado daftarini.

Musoki hakuondoka. Alikuwa ametoka Marabo alfajiri kwa pikipiki, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope, na hapa Bunia hii ilikuwa meza ya nne. Meza ya kwanza walitaka barua ya chifu. Ya pili, cheti cha kifo. Ya tatu, barua ile ile ya chifu, lakini yenye muhuri. Sasa foto.

Kando ya barabara, familia za askari waliokufa vitani zilikuwa zimeshajipanga, kila moja imeshika picha kifuani. Zikifika jukwaani, jina la marehemu litatamkwa kwenye kipaza sauti, na watu wote watasimama. Musoki alitaka hicho tu. Kijana asimamiwe, hata mara moja.

"Siko na foto yake," alisema.

"Mama gani anakosa foto ya mutoto yake?"

"Alikufa mbele ya mulango yangu, masasi ya bunduki inalia. Ningemupiga foto na nini? Na mwiko?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka. Jean-Claude akafungua ukurasa mwingine.

"Batayo gani? Alikuwa kikosi gani?"

"Sijue."

"Hata batayo yake haujue!"

"Na mama yako anajua kazi unafanyaka hapa? Mimi niko hapa tangu asubuhi, sijaiona."

Wakacheka zaidi. Jean-Claude akagonga kalamu mezani. "Kaburi iko wapi?"

"Nyuma ya jiko yangu. Mimi na mabinti zangu wawili tulichimba, na jembe ya mihogo. Tulikaa matanga siku tatu. Kila juma ninapalilia. Na hakuna mukubwa hata mumoja alikanyaga pale."

"Mama, mimi ninafuata liste."

Karatasi, muhuri, batayo: walikuwa wameuliza kila kitu, isipokuwa habari za kijana mwenyewe.

Fanfari ya tarumbeta na ngoma ikaanza kupiga. Safu ikasogea. Musoki akakaza kitenge chake kiunoni, akaizunguka meza, akajichomeka katikati ya wafiwa.

"Mama! Rudia huku!"

Mjane mmoja, Mbambu, alihamishia picha ya mumewe mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akamvuta Musoki karibu. "Kuja, dada. Kama ule wa daftari iko na nguvu, akuondoshe mbele ya gavana."

Wakaenda. Majina yakatamkwa, moja baada ya jingine, na kila mara umati ulisimama. Musoki alipofika mbele ya jukwaa, mikono mitupu, msoma majina alikwama. Alikuwa mzee mpole aliyeitwa Ambroise. Aligeuza karatasi yake nyuma na mbele, kisha akafunika kipaza sauti kwa kiganja na kuinama.

"Pole sana, mama. Hapa hatukumuandika. Uniambie mbio, watu wanangoja: jina ya mutoto yako nani?"

"Ile ndiyo nimekuja kuwauliza," Musoki alisema. "Alisimama pa mulango yangu dakika kumi tu, akatuambia tukimbie, na hatukuulizana majina."