Ngazi Nyembamba ya Bi Mabel

Waliokuwepo katika chumba cha juu ni wanne: Bi Mabel Gittins, mwenye nyumba, kitini mwake, Clive, mwanawe wa pekee, Rowena, mke wa Clive, na Bwana Preece, mkaguzi wa majumba ya kale mjini Ludlow, aliyekuwa ameinamisha kichwa ili boriti isimgonge.

Bi Mabel hakuwa amekanyaga chini tangu magoti yamkatae. Ngazi ilijizungusha kwenye nguzo moja ya mwaloni, nyembamba kama koo la chupa. Mara ya mwisho Clive alimpandisha mgongoni, na mgongo wenyewe haukuwa umepona. Tangu hapo mama aliuona mji kutoka juu, kupitia vioo vidogo vya dirisha lililojitokeza juu ya uchochoro: kofia, miavuli na vipara.

"Tuikate nguzo," Clive alisema. "Au tutoe dirisha."

"Nguzo ina zaidi ya miaka mia nne, Bwana Gittins. Ukiigusa kwa msumeno, tutaonana mahakamani. Dirisha nalo ni la mafundi wale wale."

Clive alihisi kuta zikimsogelea. Nyumba ya wazee ilikuwa imemwekea mama nafasi hadi adhuhuri ile. Wabebaji walikuwa tayari kumfunga kwenye machela na kumteremsha akiwa wima, hatua kwa hatua.

"Huko kuna bustani, Mama," Rowena alisema. "Na bingo kila Alhamisi."

"Bingo. Kumbe hali yangu ni mbaya kiasi hicho."

"Mama, tulishaongea," Clive alisema.

"Uliongea wewe, mwanangu. Mimi nilikuwa nakunywa chai."

"Watakubeba taratibu. Ni safari moja tu."

"Na ya kurudi?"

Clive alitaka kuahidi kwamba angemtembelea kila Jumapili, lakini badala yake aliitazama saa.

Bwana Preece, kwa kuona haya, alipapasa kabati kubwa la mwaloni. "Hili lilipitaje kwenye ngazi ile?"

"Halikupita. Liliundiwa humu humu. Vya kuingia nyumba hii huja vipande vipande, kijana. Vya kutoka hutoka vizima." Bi Mabel alikiweka kikombe chini. "Hebu niambie. Kitu walichokijenga mafundi wa kwanza, kikitumiwa kwa kazi yake, kinahitaji kibali?"

"Hapana, bibi. Hicho ni sehemu ya nyumba. Kitumieni mtakavyo."

"Umesikia, Clive? Toka juu ya zulia. Likunje."

Clive alilikunja. Chini yake mbao zilikuwa zimekatwa umbo refu, jembamba, lenye pete ya chuma kila pembe. Kupitia nyufa zake ilipanda harufu ya mkate kutoka jikoni.

"Hiki ni nini, Mama?"

Bi Mabel aliwatazama mmoja mmoja.

"Nimeamua," alisema. "Majeneza yote ya ukoo huu yameshukia hapo, la mwisho likiwa la babu yako, nawe ukiwa tumboni mwangu. Kesho asubuhi mtanifungia kamba na kapi, nishuke nikamwagilie maua yangu. Na jioni mtanipandisha."