Mshauri wa Tatu

Gladys Nakolong alipomuuliza mshauri wa tatu, "Wewe unalipwa na nani?" Wambugu aliomba kimoyomoyo jibu liwe baya.

Wawili wa kwanza walikuwa wamejibu vibaya, naye alikuwa amefurahi mpaka akajionea haya.

Wambugu aliuza misumari na mabati huko Wabera, mjini Isiolo, ukuta kwa ukuta na duka ambalo Gladys aliuza maziwa ya ngamia yaliyotoka kijiji cha Biliqo. Yeye mgane, Gladys mjane. Kila siku saa nne walikunywa chai pamoja, na kwa miaka sita Wambugu alikuwa amempenda mama huyo bila kumwambia mtu, hata Gladys mwenyewe.

Kisha, mwezi wa pili, Gladys aliingia na bahasha nene.

"Baba Kui, nisaidie. Ni mambo ya uhamiaji, kibali cha mwekezaji. Nimesoma karatasi hizi mpaka macho yanauma. Sasa natafuta mshauri, na wewe tapeli unamnusa kabla hajabisha hodi."

Wambugu hakuuliza ni nchi gani. Aliogopa jibu.

"Twende, Mama Emuria," alisema tu, akafunga duka.

Mshauri wa kwanza, bwana mmoja aitwaye Kiugu, alikuwa na viatu vya kung'aa na kijitabu chenye picha za ghorofa na bwawa la kuogelea.

"Nchi hii inampenda mwekezaji," alisema, akigonga picha kwa kidole. "Hali ya hewa safi, watu wakarimu. Mwombaji anunue nyumba moja tu kwenye mradi huu, kibali kitakuja chenyewe."

"Na akinunua, wewe unapata ngapi?" Gladys akauliza.

Kiugu alikohoa kwa muda mrefu. Walirudi Wabera kwa boda, Wambugu akipiga mluzi njia nzima.

Wa pili aliapa kwamba kibali kingetoka kwa wiki mbili, bila shaka yoyote. Alipoulizwa amesajiliwa wapi, alikumbuka ghafla kuwa ana mkutano.

Sasa walikuwa mbele ya Qabale, wakili mstaafu, mama mwenye miwani minene na faili zilizorundikana hadi dirishani.

"Nalipwa na mteja, basi," Qabale alijibu. "Nikichukua kamisheni ya mwenye nyumba au mwenye kiwanja, hapo nimekuwa dalali. Na nikiona mpango haufai, nitakwambia haufai, na ada yangu utalipa vilevile."

Gladys alicheka kwa furaha. Wambugu alinyong'onyea kitini.

"Nimempenda," Gladys alisema walipotoka nje. "Lakini wewe wapigie simu wateja wake wa zamani. Ukisema hapana, namwacha."

Siku hiyo shetani alivuta kiti akaketi na Wambugu dukani. Neno hilo moja tu, hapana, na kazi ingeanza upya. Pengine Gladys angechoka, akaacha mawazo ya kuhama.

Aliwapigia watu watatu. Wote walimsifu Qabale. Mmoja alisema mama huyo alimkatalia katakata asiweke akiba yake kwenye mradi fulani, na mradi huo ukafa kabla ya kumaliza mwaka. Wambugu alikata simu, akapanga misumari iliyokuwa imeshapangwa, akaipanga tena, kisha akaenda dukani kwa Gladys.

"Ni mtu wa ukweli," alisema. "Mchukue."

"Asante, Baba Kui." Gladys alimtazama kidogo. "Mbona umenuna hivyo?"

"Ni jua tu."

Mwezi wa tisa Gladys aliingia mbio, kanga ikimdondoka begani.

"Kibali kimetoka! Ijumaa unisindikize uwanja wa ndege."

Ijumaa Wambugu alivaa koti la kanisani. Gladys alikuja na mkoba mdogo tu wa mkononi, naye akadhani mizigo ilikuwa imetangulia. Walisimama nje ya jengo la abiria, upepo ukiwapiga vumbi usoni. Gladys hakutulia, mara acheke, mara achungulie angani. Wambugu alijaribu kucheka naye, ikashindikana.

Ndege ndogo ikatokea mawinguni, ikashuka, ikatua. Hapo ustaarabu wake wote ukamwisha. Akamshika mkono.

"Gladys," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. "Usipande. Najua umehangaika sana, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema umchukue yule wakili. Lakini usipande. Mimi..."

"Nipande niende wapi?"

Mlango wa ndege ulifunguka, akashuka mama mmoja mzungu mwenye mvi na mabuti ya shambani, akipunga mikono yote miwili.

"Yule ndiye mwekezaji, Mama Griet wa Uholanzi. Amehamia Isiolo tutengeneze jibini la maziwa ya ngamia," Gladys alisema, akipunga kwa mkono mmoja, kwani ule mwingine hakuutoa katika mkono wa Wambugu. "Haya, wewe ulikuwa unasema nini? Malizia upesi, kabla hajatufikia."